Mvumbika Changa

Wahenga walisema, mvumbika changa hula mbovu. Aliyekulia shambani hahitaji kufafanuliwa. Ukichuma embe kabla halijakomaa, ukalifunika kwa magunia jikoni karibu na moshi, ngozi yake itageuka rangi, nalo litabonyea ukilishika. Lakini ukilipasua utakuta uchachu, na kokwa lake bado jeupe. Embe hilo halikuiva. Lililazimishwa. Na kosa si la embe.

Nimeanza na methali hiyo kwa sababu nataka kumtetea mtu ambaye sijapata kuonana naye, wala hajui kwamba mimi nipo. Jina lake ni Jennifer Capriati, Mmarekani, mcheza tenisi. Nataka pia kuwashitaki watu, na katika orodha ya washitakiwa nimo na mimi mwenyewe, kama msomaji atakavyoona huko mbele.

Mwezi Mei mwaka 1994 polisi wa mji mmoja wa Florida walimkamata msichana wa miaka 18 kwa kosa la kupatikana na bangi. Picha aliyopigwa siku ile, nywele ovyo na macho mazito, ilizunguka dunia. Ilitufikia hata sisi, walimu wa shule ya msingi upande wa Muheza, katika jarida la kigeni lililoachwa na mgeni wa misheni. Lilipitishwa mkono kwa mkono katika chumba cha walimu. Mmoja wetu akasema, "Pesa zimemlevya huyu kabla ya bangi." Tukacheka. Na mimi nilicheka, tena nadhani kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali ambalo mwalimu angepaswa kuwa wa kwanza kuliuliza: mtoto huyu alikuwa mikononi mwa nani?

Kisa chenyewe ni hiki. Capriati alizaliwa Machi 29, 1976, mjini New York, akakulia Florida. Alikuwa bado mtoto mdogo alipoanza kufundishwa na Jimmy Evert, kocha aliyemlea binti yake mwenyewe, Chris Evert, mpaka akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1989, akiwa na miaka 13, alitwaa ubingwa wa wasichana wa Ufaransa na ule wa Marekani, akiwashinda wasichana waliomzidi umri kwa miaka mingi. Hapo ndipo watu wazima walipoanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ilikwenda mbio. Machi 1990, wiki chache kabla hajatimiza miaka 14, aliingia katika tenisi ya kulipwa. Kabla hajacheza mechi hata moja ya kulipwa, tayari alikwisha kuwekewa mikataba ya viatu, mavazi na raketi, mikataba iliyohesabiwa kwa mamilioni ya dola. Katika mashindano yake ya kwanza, huko Boca Raton, alifika fainali na kushindwa na Gabriela Sabatini. Miezi mitatu baadaye alikuwa katika nusu fainali ya Ufaransa, akatolewa na Monica Seles, naye mtoto wa miaka 16. Kabla ya hapo hakuna msichana wa umri wake aliyekuwa amefika nusu fainali katika mashindano makubwa kama yale. Kabla mwaka haujaisha alikuwa miongoni mwa wachezaji kumi bora wa dunia.

Mwaka 1991 alimtoa Martina Navratilova pale Wimbledon, mwanamke aliyekuwa ametwaa ubingwa wa uwanja ule mara tisa. Mwaka huohuo, katika nusu fainali ya Marekani, alipoteza kwa Seles mechi iliyoamuliwa na pointi chache za mwisho za seti ya tatu. Mwaka 1992, Barcelona, alimshinda Steffi Graf katika fainali ya Olimpiki na kuvishwa medali ya dhahabu.

Ukiisoma orodha hii haraka utasema, huyu ana bahati. Nakuomba uisome tena polepole, ukiweka umri kando ya kila jambo. Miaka 14, nusu fainali ya Ufaransa. Miaka 15, Wimbledon. Miaka 16, Olimpiki. Kwetu huyo ni mtoto wa darasa la saba, kisha wa kidato cha kwanza, kisha cha pili. Nimefundisha watoto wa umri huo kwa miaka zaidi ya thelathini. Nawajua. Asubuhi mmoja wao atakujibu kama mtu mzima, na jioni utamkuta analia nyuma ya choo kwa sababu rafiki yake amemnunia. Mtoto kama huyo ndiye aliyewekwa mbele ya kamera kila alipomaliza mechi, aeleze kwa nini ameshinda, na aeleze zaidi kwa nini ameshindwa. Masomo yake yalimfuata safarini kwa faksi, na jambo hilo liliandikwa kama kichekesho kitamu.

Agosti 1993 alishindwa katika mechi ya kwanza kabisa ya mashindano ya Marekani na Leila Meskhi wa Georgia. Akaweka raketi chini. Alikuwa na miaka 17. Miezi tisa baadaye ndipo tulipoletewa ile picha, tukacheka.

Sasa nije kwa washitakiwa. Wana utetezi wa aina tatu, nami nimeusikia mara nyingi, katika habari za tenisi na katika viwanja vya vumbi vya kwetu.

Utetezi wa kwanza unasema kipaji hakingoji. Baba yake Capriati, mtu mwenye asili ya Italia, alinukuliwa wakati ule akisema kwamba kwao wana methali: tofaa likiiva, lile. Sisemi kwamba baba yule hakumpenda binti yake. Miaka mingi baadaye, alipopata tena ushindi mkubwa, baba alikuwa naye kama kocha, na mambo ya ndani ya nyumba ya watu si yangu kuyahukumu. Lakini methali yake nina haki ya kuijibu, kwa maana methali ni mali ya wote. Anayesema tunda limeiva na aseme limeiva kwa kazi gani. Mkono wa Capriati ulikuwa umeiva kwa kupiga mpira, hilo halina ubishi. Je, moyo wake ulikuwa umeiva kwa kuulizwa na umati wa waandishi kwa nini leo ameanguka? Ulikuwa umeiva kwa kujua kwamba mshahara wa watu kadhaa wazima unategemea goti lake? Misuli huwahi, moyo huchelewa. Mkulima wa kweli habonyezi upande mmoja tu wa embe akasema tayari.

Tena tuulize: angengoja miaka mitatu, nini kingepotea? Mpira usingehama. Wimbledon isingebomolewa. Kingepotea kitu kimoja, nacho ni fedha za miaka ile mitatu: za mwenye kiwanda cha raketi, za mwenye televisheni, za mwenye mashindano aliyetaka kujaza viti. Basi na waseme hivyo. Waseme, "Sisi hatukuweza kungoja." Wasiseme kipaji hakingoji. Kipaji hungoja. Aliyekosa subira ni mnunuzi.

Utetezi wa pili unasema mwenyewe alitaka. Naam, alitaka. Picha za mwaka 1990 zinamwonyesha akicheka, meno nje, kama mtoto aliyepelekwa sikukuu. Mimi nilipokuwa na miaka 13 nilitaka kuwa utingo wa lori la mkonge, na kama baba yangu angekubali ningeondoka siku ileile bila kuaga. Mtoto hutaka kile kinachomfurahisha mkubwa wake. Akiona baba anatabasamu kila akipiga mpira vizuri, ataupiga mpaka usiku. Ukimwuliza, "Unataka kuendelea?" atasema ndiyo, na atasema kweli. Lakini ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa si ridhaa. Kabla ya kuhesabu "ndiyo" ya mtoto, tazama kama katika nyumba ile neno "hapana" limewahi kutamkwa na likapokewa.

Utetezi wa tatu ndio wenye nguvu kuliko yote, na ndio unaonikera kuliko yote. Unasema, mbona alirudi akashinda? Ni kweli alirudi. Baada ya miaka ya kuhangaika, Januari 2001 alitwaa ubingwa wa Australia kwa kumshinda Martina Hingis 6-4, 6-3. Juni mwaka huohuo akatwaa wa Ufaransa, akimshinda Kim Clijsters katika fainali iliyokwenda mpaka 12-10 katika seti ya tatu. Oktoba akawa wa kwanza duniani. Mwaka 2002 akautetea ubingwa wake wa Australia baada ya Hingis kuwa pointi moja tu kutoka kwenye ushindi, si mara moja bali mara nne. Mwaka 2012 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la tenisi. Basi wanasema, kumbe hakuharibika.

Nawaomba wahesabu miaka. Alipotwaa Australia alikuwa na miaka 24. Kwa hiyo tunda liliiva, naam, lakini liliiva kwa wakati wake, baada ya kuachwa likapumua. Ushindi wa 2001 hauthibitishi kwamba walikuwa sahihi mwaka 1990. Unathibitisha kwamba wangeweza kungoja. Miaka iliyokuwa katikati, ya aibu na ya kujificha, haikuwa ada ya lazima ya ushindi ule. Mwaka 1999 huko New York aliwasomea waandishi taarifa aliyoiandika, huku machozi yakimtoka, akiwaomba waache kumwuliza juu ya mambo yake ya zamani. Alikuwa na miaka 23, na mambo hayo ya zamani yalikuwa ya utoto wake. Mtu anayemtumia mwanamke huyo kama ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika hajasikiliza kilio kile.

Wapo watakaonitajia Seles na Hingis, waliotwaa mashindano makubwa wakiwa na miaka 16. Nawakubali. Lakini Hingis huyo aliacha mchezo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 22, vifundo vya miguu vikimsumbua. Na kabla ya Capriati walikuwapo wengine. Tracy Austin alikuwa bingwa wa Marekani akiwa na miaka 16, mwaka 1979. Alipofika miaka 21 mgongo ulikuwa umemkatalia. Andrea Jaeger aliingia katika tenisi ya kulipwa akiwa na miaka 14, mwaka 1980, akafika nafasi ya pili duniani. Bega lake likamtoa uwanjani akiwa na miaka 19. Kwa hiyo mwaka 1990 watu wazima hawakuwa wanavuka mto wasioujua. Walikuwa wamekwisha kuona wawili wakichukuliwa na maji, wakamwambia wa tatu, "Vuka, wewe unajua kuogelea."

Kwamba walijua kosa lao wamelikiri wenyewe kwa maandishi. Kuanzia mwaka 1995 chama cha tenisi ya wanawake kiliweka kanuni mpya: msichana mdogo ahesabiwe mashindano machache, yaongezeke kidogo kidogo kila mwaka, na uhuru kamili aupate akiwa na miaka 18. Kanuni ni nzuri, na mimi ninaipongeza. Lakini kanuni ile iliandikwa juu ya mgongo wa mtoto. Na tazama watu walivyo: mlango ulipotangazwa kwamba utafungwa, wasichana wa miaka 14 walikimbizwa kuingia mwaka 1994 kabla haujafungwa. Hingis alikuwa mmoja wao. Venus Williams alikuwa mwingine.

Hapo kwa Venus nitue kidogo, maana pana somo. Baba yake, Richard Williams, alichekwa sana na magazeti. Lakini baada ya kumpitisha binti yake mlangoni, hakumkimbiza. Katika miaka miwili iliyofuata Venus alicheza mashindano machache mno, ya kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2025, akiwa na miaka 45, alicheza tena Washington akashinda mechi. Sidai kwamba subira peke yake ilimfikisha huko. Nadai tu kwamba subira haikumnyima kitu.

Na Coco Gauff je? Mwaka 2019, akiwa na miaka 15, alimshinda Venus huyohuyo pale Wimbledon. Mara zikapazwa sauti kwamba kanuni ya umri ilegezwe, dunia inataka kumwona kila wiki. Haikuvunjwa kwa ajili yake. Mwaka 2023, akiwa na miaka 19, akawa bingwa wa Marekani, na mwaka 2025 bingwa wa Ufaransa. Waliodai kwamba kumzuia ni kumwibia, hadi leo sijawasikia wakisema aliibiwa nini.

Sasa, kama nilivyoahidi, nije kwangu.

Miaka michache kabla ya ile picha, nilikuwa mwalimu wa michezo. Nilikuwa na mtoto wa miaka 13, mkimbiaji wa mita 1,500, mwembamba kama ufito, ambaye alikuwa akiwaacha hata wavulana. Jina lake silitaji. Mashindano ya wilaya yalipokaribia nilimkimbiza asubuhi kabla ya namba na jioni baada ya kumwagilia bustani, pekupeku, kwenye barabara ya kokoto. Siku nne kabla ya mashindano akanijia, akasimama na mikono nyuma kama walivyofundishwa. "Shikamoo mwalimu. Mwalimu, muundi unaniuma, hata usiku." Nikamwambia wanariadha wote huumwa. Nikampa dawa ya kuchua. Nikamwambia, "Shule nzima inakutegemea wewe." Nilidhani ninamtia moyo. Leo najua nilikuwa ninamfunga mdomo.

Alikimbia, akashinda. Tulipewa ngao ya mbao yenye bati la manjano, mwalimu mkuu akaitundika ofisini, na mimi nikapewa barua ya pongezi. Mtoto alipumzishwa wiki mbili, kisha mwezi. Mfupa ulikuwa umepata ufa. Hakukimbia tena. Mwaka uliofuata nilitafuta mkimbiaji mwingine.

Tulionana tena baada ya miaka mingi, sokoni, akiuza nazi. Alikuwa mama wa watoto watatu. Alinikumbuka kabla mimi sijamkumbuka, akaniamkia, akanichagulia nazi mbili nzuri na kukataa bei. Tukazungumza habari za shule. Halafu akaniuliza, bila uchungu wowote, kama mtu anayeulizia jirani wa zamani, "Mwalimu, ile ngao bado ipo?" Nikamwambia sijui, nilikwisha kuhama. Na kweli sikuwa najua. Ngao niliyompasulia mtoto mfupa, sikujua hata iliko.

Niliporudi nyumbani nilikumbuka kicheko changu cha mwaka 1994, nikaona aibu. Nilikuwa nimemcheka mtoto wa Florida kwa kuanguka, huku wa kwangu nimemwangusha mwenyewe, kwa malipo ya barua ya pongezi. Tofauti ya wale na mimi ilikuwa dola tu.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la Marekani peke yake. Mwaka 2022 msichana wa Kenya, Angella Okutoyi, aliyezaliwa mwaka 2004 kama Gauff, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili pale Wimbledon, pamoja na mwenzake wa Uholanzi. Alikuwa Mkenya wa kwanza kupata taji la vijana katika mashindano makubwa ya tenisi, nasi Waswahili wote tulijidai kana kwamba raketi tuliishika sisi. Baadaye akaenda kusoma chuo kikuu Marekani, huku akiendelea kucheza, na mwaka 2024 akaleta medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Kijiweni kwetu nilimsikia mzee mwenzangu akilalamika kwamba chuo kinampotezea muda, kwamba angekuwa sasa anapambana na wakubwa. Nikamwuliza, "Muda wa nani, bwana?" Hakunijibu. Muda ni wa msichana. Sisi tuna hamu tu.

Ndugu msomaji, inawezekana nyumbani kwako yupo mtoto anayepiga mpira, anayekimbia, anayeimba au anayekariri vizuri kuliko wenzake. Sikuambii umfiche. Mpe uwanja, mpe viatu, mshangilie. Lakini akikwambia inauma, simamisha kila kitu siku hiyohiyo. Akija mtu na kalamu na mkataba, mwulize kama fedha zake zinaweza kungoja miaka mitatu. Akisema haziwezi, umekwisha kumjua. Na mara moja kila mwezi, mkiwa wawili tu, mwulize mtoto kama angependa kuacha, na umwonyeshe kwa uso wako kwamba akisema ndiyo atakula chakula chake kama kawaida na utampenda vilevile.

Mimi sikumwuliza wangu. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, akanieleza ukweli kwa adabu zote, nami nikampa dawa ya kuchua.